Mzabibu Nyuma ya Tangi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za kaka yako, kwanza za heshima, kisha za mapenzi, maana leo nitazihitaji zote mbili. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako la kushoto limeridhika na ile dawa ya kuchua, ingawa uliniandikia kwamba inanuka kama stoo ya fundi rangi. Natumaini pia umeanza kustaafu kweli. Mkunga aliyestaafu miaka kumi na moja iliyopita na bado anagongewa mlango na wajawazito, huyo hajastaafu, amehamisha ofisi tu.

Ukiniuliza mimi, nitasema sijambo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Ukweli ni kwamba moyo umechoka. Miguu imevimba, na zile ngazi tatu za kutoka uani kuingia jikoni nazipanda kwa vituo viwili. Daktari, kijana ambaye kwa umri ningeweza kuwa nimemfundisha babu yake kusoma, alizitazama karatasi zangu kwa muda mrefu, akasema tutaangalia. Wewe umefanya kazi hospitali miaka thelathini na sita. Unajua kwamba daktari akisema tutaangalia, ameshaona.

Mwanangu hajambo, kazi zake za barabara zimempeleka mbali tena. Mkewe ndiye anayenitunza. Ananihesabia vidonge kama askari magereza, nami namwogopa kidogo, na hilo linatufaa sote wawili. Wajukuu wanakusalimu.

Sasa nije kwenye barua yako. Ilifika Jumatatu, nikaisoma nimekaa dirishani. Umeniambia kwamba kijana wa Fundi Saa amekuandikia baada ya miaka yote hii. Nasema kijana, ingawa ana miaka sabini na mitatu, kwa kuwa kichwani mwangu hajazeeka. Umesema mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, watoto wake wameshajitegemea, na anaomba ruhusa aje kwako, na hakuficha anakuja kwa nia gani. Umesema ulicheka peke yako kama mwendawazimu, ukajitazama kwenye kioo, ukacheka tena, kisha ukaketi kitandani ukakosa hamu ya kula. Umesema moyo haukukataa. Ila utaingiaje, umeniuliza, kwenye nyumba ya watu waliommaliza baba yetu? Umesema utampa jibu Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kwamba unangoja kauli yangu kwa sababu mimi ndiye niliyebaki mahali pa baba.

Kisha ukaninukulia mstari mmoja wa barua yake: "Muulize kaka yako kwanza. Akisema, nitakuja. Akinyamaza, sitakusumbua tena."

Wewe umeuona mstari huo ni wa mtu mwenye adabu, anayejua kuposa kwa utaratibu hata uzeeni. Mimi nilipoufikia karatasi ilianguka. Mkwe wangu alikuja mbio akidhani ni moyo. Nilimwambia ni kizunguzungu, akanipa maji, nikayamwaga kifuani.

Naogopa, mdogo wangu. Siogopi kifo kama ninavyoiogopa siku utakapomaliza kuisoma barua hii. Jumanne nilikuandikia nyingine, fupi, ya mistari miwili. Ilisema: mkatae, usiwaudhi waliolala. Niliifunga kabisa kwenye bahasha. Niliichana Jumatano asubuhi, wala si kwa ushujaa. Niliichana kwa sababu niliona ningekufa mwezi huu au ujao, na wewe ungebaki na hiyo mistari miwili kama wosia.

Kwa kuwa najijua, nimefanya hila. Kila ninapomaliza ukurasa, nampa mkwe wangu, naye anaufungia kwenye mtoto wa meza ya cherehani yake. Nimemwambia hata nikimlilia asinirudishie. Hajauliza kwa nini. Ukurasa wa kwanza ameshauchukua.

Ili unielewe lazima nianzie bustanini.

Unaikumbuka bustani ya baba, lakini ulikuwa mdogo na ulikuwa unaijua kwa mdomo zaidi kuliko kwa mikono. Mizabibu arobaini na mmoja kwenye ua ambao watu wengine wangeweza kuanika nguo tu. Chanja zote za kutambalia alizitengeneza kwa mabomba mabovu aliyoyatoa kwenye nyumba za watu, maana fundi bomba hatupi bomba. Alipogoa mwenyewe, akiacha macho mawili ya kuchipua kwa kila tawi, na baada ya kupogoa, utomvu ulipodondoka kwenye ncha zilizokatwa, alitukataza kupita chini yake. Alisema mtu akilia haifai kumpitia chini. Vichala vilipoanza kuiva alivivika mifuko ya karatasi kimoja kimoja kwa ajili ya ndege, na ua mzima ukaonekana kama umening'iniza barua zisizo na anwani.

Unakumbuka pia jinsi alivyompa jirani yetu Fundi Saa mzabibu wake. Hakumpa mche. Ulipochumbiwa na kijana wake, baba alitoa tofali moja kwenye ukuta wa kati yetu na wao, akachukua tawi refu la mzabibu wake wa kwanza, akalipitisha kwenye tundu, akalilaza ardhini upande wa pili na kulifukia katikati, ncha ikabaki juu. Likatoa mizizi kule, huku bado linanyonya kwa mama yake. Kila mtu alimwambia likate sasa, mtoto ameshasimama. Baba akakataa. Alisema atalikata siku ya harusi, asubuhi, kwa mkasi uliooshwa, ili watoto wote wawili wahame siku moja. Fundi Saa alicheka akasema yeye hajui tofauti ya mzabibu na mchicha, lakini saa ya harusi haitachelewa, hilo analichukua yeye.

Nilikuwa nimeshaanza kumwita kijana wake shemeji.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha kilimo miaka mitatu kabla ya hapo, na nilikuwa nafundisha. Wote mliniita Profesa. Nyinyi mliniita kwa utani wa mapenzi. Baba aliniita kwa utani wa aina nyingine. Aliniuliza mbele ya wageni vyeti vyangu vinazaa vichala vingapi kwa msimu. Akisema hivyo wageni walicheka, nami nikacheka nao, lakini kila mara nilikwenda kulala na neno hilo kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Sasa sikiliza, maana hili hujawahi kulisikia. Kule chuoni, nchi ya mbali, kulikuwa na shamba dogo lenye uzio, na ndani yake mzabibu wa mwituni. Mhadhiri alituambia kuna wadudu wadogo wa manjano, chawa wa mizizi, wanaoimaliza mizabibu ya kawaida kuanzia chini bila kuonekana. Mzabibu huo wa mwituni hawauui. Unaishi nao kama mbwa anavyoishi na viroboto. Kwa hiyo huko kwao hupandikiza mzabibu mzuri juu ya shina la huo wa mwituni, na mti unadumu. Kisha akasema, kwa sauti ya kutosha hata kwa aliyekaa nyuma, kwamba mmea huo hautoki ndani ya uzio, kwa sababu usiouawa na kitu ndio unaokibeba.

Niliyasikia maneno yote. Lakini niliyachukua nusu. Nilichukua usiouawa, nikaacha unaokibeba. Siku ya kuondoka nilikata kipande chenye mizizi, nikakifunga kwa kitambaa kibichi, nikakitia ndani ya kiatu cha mvua, na soksi mbili juu yake. Pale mpakani ofisa aliniuliza kama nina mmea au udongo. Nikasema nina vitabu.

Nilikipanda nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo baba hakufika kwa sababu ya mguu wake mbovu, na kazi ya kusafisha tangi ilikuwa yangu. Nilitaka usimame kwanza. Nilitaka siku moja nimwonyeshe baba mzabibu wake mwenyewe umekaa juu ya shina langu, haufi kwa mvua wala kwa jua, halafu nimsikie akiniuliza tena habari za vyeti. Wewe uliwahi kuuona. Ulikwenda kuokota kijiko kilichoangukia huko, ukaniuliza ule mtambaa wenye majani yenye vipele ni kitu gani. Nikakwambia ni mmea wa kivuli, tangi lisipate joto. Ukaamini, ukaenda zako na kijiko chako. Vipele vile vilikuwa nyumba za wale chawa.

Mwaka wa pili mstari wa karibu na tangi ukaanza kuwa na rangi ya njano. Baba akasema tangi linavuja, maji yamezidi kwenye mizizi. Kwa fundi bomba kila ugonjwa ni uvujaji. Alibadilisha viungo vyote vya bomba, akakaza, akafurahi. Mstari wa pili ukafuata. Siku moja, nyinyi mkiwa hampo, nilichimba chini ya mzabibu mmoja kwa kijiko cha jikoni. Mizizi ilikuwa imevimba vifundo, na juu yake kulikuwa na kitu kama unga wa njano. Nikainamisha uso. Unga ule ulikuwa unatembea.

Nilirudisha udongo nikaushindilia kwa kisigino. Kuanzia siku hiyo hadi leo sijakaa siku nzima bila hofu. Nilikaa kimya miezi minane. Nilijua hakuna dawa. Nilijua kwamba kila jembe na kila kiatu kilikuwa kinawahamisha. Nilikula zabibu za baba mezani nikizisifu. Kila alipouliza, Profesa, hebu nambie, nilisema labda ni chumvi ya ardhi, labda ni ukame, nikitumia maneno marefu, naye akatikisa kichwa kwa heshima. Mara ya kwanza aliponiheshimu ilikuwa nilipokuwa namdanganya.

Ukafika mzabibu wa Fundi Saa nao ukanyauka, kwa kuwa ulikuwa bado unanyonya kwetu.

Baba mwenyewe ndiye aliyemwandikia Bwana Shamba. Aliniambia kwa furaha kwamba mtaalamu atakuja Alhamisi na jembe lake, ataitazama mizizi, nami nitamfasiria maneno ya kitaalamu. Kuingiza mmea kwa siri lilikuwa kosa la kufungwa, na kazi yangu ya ualimu ingekwisha. Lakini nakuambia kweli, sikuogopa jela. Niliogopa uso wa baba akijua.

Jumatano saa saba mchana baba alikuwa kazini, wewe na mama mlikuwa mmekwenda kupima nguo za harusi. Niliung'oa ule mzabibu nyuma ya tangi. Nilitaka kuuchoma, nikaogopa moshi, mti mbichi hutoa moshi wa kuita mtaa mzima. Nikaogopa kuubeba barabarani. Basi nikausukuma kwenye lile tundu la tofali, karibu na tawi la uchumba wako, nikausogeza hadi upande wa pili kwa fimbo mpaka ukaangukia kwenye shimo la takataka la Fundi Saa, nikasukumia majani juu yake.

Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba niliutupa tu, popote, kwa haraka. Mkwe wangu amesimama mlangoni anasubiri ukurasa huu, na sitamwacha auchukue ukiwa na uongo. Shimo lao nililichagua. Nilijua Bwana Shamba atakagua pande zote mbili. Nilijua.

Nimepumzika. Kifua kilibana, nikapewa kidonge cha chini ya ulimi na karipio. Naendelea.

Alhamisi ulikuwapo, lakini ulikaa ndani kama mchumba anavyotakiwa, ukaona kwa dirisha tu. Bwana Shamba lenzi yake ilikuwa imepasuka. Fundi Saa akasema hilo si tatizo, akatoa ile yake anayoipachika jichoni akitengeneza saa, akaifuta kwa shati, akampa. Kwa lenzi ya Fundi Saa, Bwana Shamba aliwaona wadudu kwenye mizizi yetu, kisha kwenye mizizi ya kwake, kisha akapita uani kwake akaona jani la ajabu limechomoza kwenye takataka. Akauvuta mzabibu wote juu. Mizizi ilikuwa ya njano tupu.

Fundi Saa alisema hajawahi kuuona. Alisema mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Bwana Shamba alinigeukia mimi kwa kuwa nimesoma, akaniuliza maoni yangu. Nilisema ugonjwa huu husafiri na mmea wa aina ile, kwa hiyo ulipo mmea ndipo ulipoanzia. Kila neno lilikuwa sahihi kitabuni. Sikumtaja mtu. Sikuhitaji.

Baba akamtazama rafiki yake wa miaka ishirini akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni kwa baba, bega kwa bega, shati langu likigusa lake. Akachukua mkasi bila kuuosha, akainama kwa ule mguu mbovu, akalikata tawi pale kwenye tundu. Uliniuliza jioni ile sauti ile ilikuwa ya nini. Ilikuwa hiyo.

Yaliyofuata unayajua. Ijumaa yote baba alikata mizabibu yake mmoja mmoja, akikataa msaada. Jumamosi alichoma. Jumapili asubuhi tulimkuta ameangukia ubavu kwenye majivu, mdomo umepinda, hakupata fahamu tena, na siku ya tisa tukamzika. Wewe ulinipa ile saa ya mkononi uliyopewa na mchumba wako nikairudishe, na ukasema hutaki kusikia jina la nyumba ile tena. Niliipeleka. Fundi Saa aliiweka sikioni, akasikiliza, akaniambia nikuambie kwamba inakwenda vizuri, haikuwa mbovu. Sikukuambia. Watu wakaacha kumpelekea saa zao, maana nani atampa kazi mtu aliyemmaliza jirani yake, na kabla mwaka haujaisha walihama.

Lakini kuna jambo la Ijumaa ile ambalo hulijui, na ndilo lililonifanya niishi kama mtu aliyekalia msumari.

Ijumaa nilikuwa shuleni. Nilipotoka darasani nilimkuta shemeji amesimama ukumbini, ameegemea ukuta, kofia mkononi. Jumatano mchana, akaniambia, alikuwa amekaa chumba cha nyuma anatengeneza saa ya ukutani, dirisha linatazama shimo la takataka. Aliona fimbo ikitoka kwenye tundu. Aliona mkono. Alisimama akaona na uso. Wakati ule hakuelewa, alidhani natupa magugu. Alhamisi alikuwa amepeleka saa kwa mteja, akarudi jioni akaelezwa yaliyotokea, ndipo akaelewa.

Hakunishika shati. Laiti angenishika. Aliniambia hataki ugomvi na watu wa mke wake, ila ananipa mpaka Jumapili nimwambie baba mwenyewe. Nilimsihi. Nilisema baba ana presha. Akajibu kwamba baba yake pia ana moyo.

Jumamosi yote, baba akichoma, nilijifunza maneno ya kumwambia. Jumapili niliamka mapema, nikatoka nayo mdomoni, nikamkuta chini. Umewahi kuniuliza kwa nini nililia kuliko wote, na mimi sikuwa mtu wa kulia. Miaka yote hii nimejiambia kwamba nilikuwa nakwenda kusema, kwamba nilichelewa dakika chache tu. Leo nakuandikia kweli. Sijui kama ningesema. Nilipomwona ameanguka, kabla sijapiga kelele, kabla sijahuzunika, kuna kitu kifuani mwangu kilipumua.

Hilo sijalimwambia mtu. Hata shemeji.

Siku ya mazishi wajomba waliwazuia watu wa Fundi Saa barabarani. Shemeji alisimama upande wa pili mpaka watu walipopungua, kisha akanivuta kando nilipokwenda kufunga geti. Nakunukulia kama alivyosema, kwa sababu nimeyasikia maneno haya kila siku: "Nikisema mimi, wataona namsingizia mtu ili nipate mke. Sema wewe. Nitasubiri."

Nilidhani atasubiri mwezi. Nikadhani mwaka. Kila mlango uligongwa, nilijua ni yeye. Nilipoambiwa ameoa, nilishukuru Mungu, na nikaona aibu kwa shukrani ile. Ulipokuwa unakataa wachumba mmoja baada ya mwingine, ukisema kwa utani kwamba umeona kwa macho yako wanaume wanatokea wapi na hawakushangazi tena, nilicheka pamoja na wengine mezani, na nilijua kila utani una bei na nani anailipa. Nilisomesha watoto wa watu ukweli wa mimea kwa miaka thelathini na moja. Sijapanda hata mche mmoja kwenye ua wangu. Mwanangu hudhani sipendi uchafu.

Sasa unaelewa mstari ule. Akisema, nitakuja. Akinyamaza, sitakusumbua tena. Hakuwa anaomba ruhusa kwangu. Miaka arobaini na tisa, na hata leo hakukuambia. Amekuwa na neno moja la kukurudisha kwake, na hakulitumia, na hata sasa ameliacha mkononi mwangu. Nimekuwa nikimwogopa mtu huyu maisha yangu yote kama mtu anavyomwogopa simba, naye alikuwa amekaa tu.

Umeniomba kauli. Mahali pa baba sina haki napo, kwa hiyo kauli sitoi. Nitakuambia tu lililo kweli: nyumba ile haikummaliza baba yetu. Kama yuko aliyemmaliza, ni mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa amesimama ubavuni kwake. Ukimkataa mzee yule, mkatae kwa sababu zako, kwamba anakoroma, kwamba umezoea kulala katikati ya kitanda, kwamba muda umepita. Usimkatae kwa sababu yangu. Wala usimkubali ili kunilipa mimi ubaya. Mambo yangu mimi na wewe ni mengine, na yatangoja, au hayatangoja.

Sikuombi unisamehe. Anayeomba msamaha kwa barua humtwisha mwenzake kazi halafu yeye akalala. Naogopa utakuja. Nimeshaona mara nyingi ukishuka kwenye gari na mkoba wako wa kazini, ukinitazama tu. Na naogopa hutakuja, niondoke bila kukuona. Kati ya hofu hizo mbili sijui ipi ni kubwa. Fanya moyo wako unavyokutuma.

Mkono umechoka na mwandiko umeanza kupanda mlima. Nisalimie wenzako wa zamani wa wodini, yule mnene anayecheka kabla ya kusema na yule aliyenitumia kofia ya sufu. Wasalimie watoto wote wa mtaa uliowapokea, hata waliokwisha kuota mvi. Chua goti lako kila asubuhi, usilionee haya. Huku wote wanakusalimu, na mkwe wangu anasema ukurasa huu wa mwisho ataupeleka posta mwenyewe leo leo, pamoja na zile nyingine, kabla hawajafunga.

Na Ijumaa, kabla hujampa jibu lako lolote, la ndiyo au la hapana, msalimie sana. Mwambie nimesema.

Ni mimi kaka yako.